Hakuna Mtu Hapa Ofisini?

Dada yangu alinipigia simu kutoka Taveta mwishoni mwa Aprili, na kabla salamu hazijaisha nikajua kuna neno. "Kaka, huna mtu?" Swali hilo kila Mkenya analielewa. Alitaka kujua kama namfahamu yeyote mwenye ofisi, awe meneja, afisa wa kaunti au hata karani, ambaye angempokea binti yake kwa miezi mitatu. Binti yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea kilimo, na muhula uliokuwa unakuja ulikuwa wa mafunzo ya nyanjani, au atachimenti kama wanavyoiita wenyewe. Alikuwa ameandika barua kumi na moja: Nairobi, Thika, Nakuru, moja Mombasa. Tisa hazikujibiwa. Mbili zilijibiwa kwa maneno ya heshima kuwa nafasi zimejaa, ingawa rafiki yake aliyeomba mahali pamoja siku ileile alipata, kwa sababu baba yake anacheza gofu na mtu anayehusika.

Nikamwambia dada kwamba mtu ninaye, ila yuko Ndhiwa.

Kimya. Kisha: "Ndhiwa ndiyo wapi tena?"

Ukitoka mjini Homa Bay ukafika Rodi Kopany, unaiachia barabara ya Rongo iende zake, unashika ile inayoelekea Sori kule ziwani. Njiani ndiko Ndhiwa, miwa kushoto na miwa kulia, trakta zikivuta mikokoteni iliyojaa mpaka inapepesuka, na Kaunti ya Migori iko jirani kiasi kwamba watu huvuka mpaka kwenda sokoni bila kujua wamevuka. Nilikuja hapa kufundisha nikiwa kijana, nikasema nitakaa miaka miwili. Mwaka huu ni wa kumi na tisa.

Mpwa wangu alikuja akiwa amenuna. Hakuniambia, lakini nilimwona alivyoshuka kwenye matatu na begi lake, akatazama stendi, akatazama boda boda waliomzunguka wakimwita kwa Kiluo, akavuta pumzi. Wenzake walikuwa wakituma picha za lifti na madirisha ya vioo ya Upper Hill, Nairobi. Yeye alikuwa ameletwa mahali ambapo, kwa hesabu yake, hakuna cha kujifunza.

Huo ndio uongo ninaotaka kuuvunja, na nitauvunja bila kujifanya kwamba mambo ni mazuri, maana si mazuri.

Nianze na mambo yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa kwenye ofisi moja, mji sitautaja, ofisi sitaitaja. Siku ya kwanza waliniuliza kama najua kutengeneza chai. Sikupewa kiti. Kulikuwa na katoni ya karatasi za kuchapia karibu na dirisha, nikakalia hiyo kwa wiki saba, na kila karatasi zilipopungua ndani katoni ilizidi kubonyea, nikawa nashuka taratibu kama mtu anayezama. Nilipiga fotokopi. Nilipeleka bahasha. Nilijua nani anatumia sukari vijiko vitatu. Lakini kilichoniuma zaidi ni wageni. Mtu angebisha, angefungua mlango, angeniona pale nimekaa, angezungusha macho chumba kizima, kisha angeuliza: "Hakuna mtu hapa ofisini?"

Miaka mingi baadaye nilikutana na swali hilohilo, likiwa limemkuta mtu mkubwa. Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa Kisiwa cha Rusinga, kaunti hii hii ya Homa Bay, alisomea ukaguzi wa afya katika Shule ya Jeanes, Kabete, kuanzia 1948, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Katika kitabu chake cha 1963 anasimulia kwamba siku moja alikuwa peke yake akipima maziwa, akaingia mama wa Kizungu aliyeleta sampuli. Mama alimtazama, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kosa la yule mama lilikuwa la rangi, na uzito wake si wa kulinganishwa na uchungu wa kijana aliyekalia katoni. Hata hivyo kila nikisikia mwanafunzi akilalamika kwamba amekaa ofisini miezi mitatu bila mtu kumwuliza jina, nawakumbuka wote wawili. Kaunti ya Mboya sasa ina chuo kikuu chenye jina lake, kilichoanza 2016 kama chuo kishiriki cha Maseno. Jirani, Migori, kuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka huohuo wa 2016. Vijana hatuna uhaba nao. Kila Mei wanamwagika na barua za utambulisho mkononi, na kila Mei tunawauliza kama wana mtu.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na miwa.

Aliwekwa chini ya afisa wa kilimo, mwanamume wa makamo mwenye pikipiki ya zamani na subira ya punda. Wiki ya kwanza alimpa faili asome. Wiki ya pili akamwambia: kesho vaa buti. Wakaenda kwa mzee mmoja mwenye ekari mbili za miwa, na afisa akatoa mfukoni kifaa kama kipande cha darubini, rifraktomita, aliyoinunua kwa pesa zake zamani alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Jioni hiyo mpwa wangu alinieleza kwa mikono yake yote. Unachagua mua katikati ya shamba, si wa pembeni, kwa sababu wa pembeni unapata jua zaidi na utakudanganya. Unautoboa pingili ya chini, unakamua tone moja juu ya kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Ndani kuna mstari unaogawa bluu na nyeupe, na pale ulipokatia ndipo penye namba ya utamu, briksi. Kisha unapanda pingili za juu, unarudia. Mua mchanga una sukari chini na maji juu. Mua uliokomaa, namba za juu na za chini zinakaribiana. Namba ya juu ikiipita ya chini, umechelewa: sukari ya chini imeanza kupungua.

Haya yote alikuwa ameyasoma darasani. Alijibu swali lake kwenye mtihani, akapata alama nzuri. Lakini hakuwa amewahi kuushika mua wa mtu ambaye ada ya shule ya wajukuu iko ndani ya mua ule.

Chini ilisoma 20, juu ikasoma 20 kasoro kidogo. Mpwa wangu akafurahi kama aliyegundua dhahabu, akamgeukia mzee na kumwambia kwa Kiswahili chake cha Taveta kwamba miwa imeiva kabisa, wakati wa kukata ndio huu.

Mzee akacheka. "Nyara," akamwambia, "hicho kioo chako kinasema kweli. Sasa nenda ukamwambie mwenye trakta."

Binti hakujua nyara ni nini. Afisa akamwambia ni "binti yangu" kwa Kiluo. Wala hakujua habari ya trakta. Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanzia, na halimo kwenye kitabu chochote alichopewa. Mzee ana mkataba na mojawapo ya viwanda vya ukanda huu. Miwa yake ilikuwa imevuka miezi kumi na minane. Kibali cha kuvuna hakijatoka. Kikitoka, kundi la wakataji litakuja au halitakuja. Wakikata, trakta itafika siku hiyohiyo au miwa italala chini siku tatu, nne, ikipoteza maji na sukari juani, nao uzito ukishuka. Na uzito ndio pesa, kwa sababu kwa miaka mingi mkulima wa miwa nchini Kenya amelipwa kwa tani na si kwa utamu. Yaani binti alikuwa amejifunza kupima kwa ustadi mkubwa kitu ambacho hakuna anayekilipia. Jioni ile aliniuliza, mjomba, kama wanalipa kwa uzito, kwa nini basi tunafundishwa briksi? Nikamwambia hilo ndilo swali la kwanza la maana nililomsikia akiuliza tangu aanze chuo. Akanuna tena, lakini safari hii kwa namna nyingine.

Kwa muda wa wiki kadhaa baada ya hapo alikuwa mtu tofauti. Alichora kwenye daftari ramani ya safari ya mua kutoka shambani mpaka kwenye mizani, akiandika kila mahali ambapo mkulima hupoteza. Alienda kwa wale wanaosaga miwa kienyeji na kupika sukari nguru, akakaa kwenye moshi, akauliza wanalipa kiasi gani na wanalipa lini, akaelewa kwa nini mzee mwenye mkataba na kiwanda anaweza kuuza mua usiku kwa mpika nguru: huyo analipa leo. Darasani jambo hilo lina jina baya. Shambani lina sababu. Mtu asiyejua sababu hiyo, hata akipewa shahada tatu na kiti cha kuzunguka wizarani, atatunga sera za kumchekesha mzee yule.

Ndiyo maana nasema Ndhiwa inafundisha. Upper Hill mwanafunzi wa kilimo anaona takwimu za miwa zikiwa zimeshapikwa na kupakuliwa. Hapa anaona jiko.

Wala si kilimo pekee. Mwaka 2012 Madaktari Wasio na Mipaka walifanya uchunguzi wa VVU hapa Ndhiwa na kukuta kwamba asilimia 24 ya watu wazima, takriban mmoja katika kila wanne, walikuwa wanaishi na virusi. Jina la Ndhiwa likawa jina la msiba. Walipopima tena 2018, Ndhiwa ilikuwa imeyavuka malengo ya UNAIDS ya 90-90-90, miaka miwili kabla ya tarehe ya mwisho ambayo dunia nzima ilijiwekea: wengi wa wenye virusi walijua hali yao, karibu wote waliojua walikuwa kwenye dawa, na karibu wote waliokuwa kwenye dawa virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Umbali kati ya 2012 na 2018 umejaa ufundi: namna ya kumshawishi mwanamume asiyetaka kupimwa, namna ya kumfuata aliyeacha dawa bila kumwaibisha mbele ya majirani, namna ya kutunza sampuli siku ambayo umeme umekatika. Mwanafunzi wa uuguzi au wa maabara akija hapa anawakuta watu waliopitia hayo. Kesho wakistaafu, wataondoka nayo, isipokuwa kama kijana alikuwa amesimama pembeni akiangalia.

Ustadi ndivyo unavyorithishwa, kwa kusimama pembeni. Si mbali na mpaka wetu, upande wa Migori, kuna Thimlich Ohinga, zile boma za mawe ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zimesimama karne kadhaa bila udongo wa kushikiza wala saruji, jiwe juu ya jiwe, safu ya nje, safu ya ndani, na vijiwe vya kujazia katikati vikizikaza zote mbili. Hakuna aliyeacha mchoro. Mtu aliyejua kupanga alikuwa na mtu asiyejua, akimbebea mawe, mpaka siku moja mbebaji akaambiwa: hili liweke wewe. Nikitazama ukuta ule nawaza ni mangapi yaliwekwa vibaya kwanza na kuondolewa, na kwamba fundi hakumfukuza kijana kwa hilo.

Lakini yule mbeba mawe alikula. Hapa sasa ndipo penye kidonda.

Mpwa wangu alilipa karo ya muhula kama kawaida, ingawa hakukalia dawati la chuo hata siku moja. Alilipa bima. Alitaka kujitegemea badala ya kukaa kwangu, na mimi niko mbali na ofisi yake, kwa hiyo akapanga chumba cha mabati shilingi 2,000 kwa mwezi. Boda boda 100 kwenda, 100 kurudi, siku ambazo afisa hakumbeba. Chakula cha mchana hotelini, omena na ugali, kwa sababu huwezi kuingia shambani asubuhi kwa chai ya rangi. Mkopo wa masomo wa HELB ulikuwa umeliwa tangu Februari. Dada yangu anauza ndizi mpakani Taveta; kila Jumapili jioni alituma 500, wakati mwingine 300, na ujumbe wa samahani. Jumla ya pesa ambazo mwajiri alitoa kwa miezi mitatu ilikuwa sifuri. Simlaumu yule afisa, ambaye petroli yenyewe alinunua kwa mshahara wake. Nalaumu mpango mzima ambao unamtaka mtoto wa muuza ndizi alipie ruhusa ya kufanya kazi.

Yule wa gofu je? Yeye analala kwao, anapelekwa na gari la baba, anakula mchana kantini. Vyeti vyao wote wawili vitaandikwa maneno yaleyale. Halafu siku ya usaili watu wenye tai wataona Upper Hill kwenye wasifu wa mmoja na Ndhiwa kwenye wa mwingine, na sote tunajua watatabasamu wapi.

Kuna watakaonijibu kwamba mwanafunzi hazalishi chochote, kwamba anapewa elimu bure, ashukuru. Hoja hiyo niliiamini mpaka nilipoanza kuhesabu. Nendeni katika ofisi yoyote Juni na Julai mtazame nani anaingiza data, nani anapanga foleni ya wagonjwa, nani anabeba mafaili. Zipo ofisi ambazo kazi hulala mpaka "wale watoto wa chuo" wafike. Kama hawazalishi, Septemba mbona kila kitu kinakwama?

Mazoea ya kumtumia kijana bure hayaishii kwa wanafunzi. Yakizoeleka yanapanda ngazi. Tumeona serikali ikichukua walimu waliohitimu, waliosajiliwa na tume ya walimu, TSC, ikawaita wanagenzi, ikawapeleka shule za sekondari msingi na kuwalipa shilingi 20,000 kabla ya makato, wale wa shule za msingi 15,000, wakifundisha vipindi vilevile vya wenzao wa kudumu. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Mwaka huohuo madaktari waligoma siku 56, na mojawapo ya mambo yaliyowauma ni posho ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yalisema shilingi 206,400, serikali ikataka kutoa 70,000. Mtu anayemshona mama aliyejifungua usiku wa manane anaambiwa bado anajifunza. Neno "kujifunza" limekuwa kisu cha kukatia mishahara. Tukimzoesha kijana tangu mwaka wa tatu kwamba jasho lake halina bei, tusishangae akifika thelathini anaendelea kuambiwa hivyo.

Na atachimenti haikuzaliwa hivi. Mpango wa kwanza mkubwa wa chuo kikuu kupeleka wanafunzi kazini unaokumbukwa duniani ulianza 1906 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani. Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi, aliwachukua wanafunzi 27, akawagawa makundi mawili: wiki moja kundi hili darasani na lile kiwandani, wiki inayofuata wanabadilishana. Viwanda viliwalipa. Schneider alikuwa ameona kwamba wanafunzi wake wengi tayari walikuwa wakifanya vibarua ili waishi, akajiuliza kwa nini kibarua hicho kisiwe cha fani yao. Sisi tulichukua nusu ya wazo lake, ile ya kupeleka mtoto kiwandani. Nusu yenye pesa tuliiacha bandarini.

Pesa zenyewe hazikosekani kabisa. Sheria yetu ya mafunzo ya viwandani inawataka waajiri walipe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mamlaka ya NITA ndiyo inayozisimamia. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 kinatoa 120,000 kwa mwaka. Sehemu ya fedha hizi kwa desturi hurudi kwa waajiri wenyewe kufidia gharama za kuwapeleka wafanyakazi wao kozi. Sina ugomvi na kozi, hata zile za hotelini zenye chai ya saa nne na sambusa. Nauliza tu kama sehemu yake haiwezi kumnunulia mwanafunzi aliye Ndhiwa nauli na sahani ya mchana kwa siku sitini. Miaka iliyopita Kenya iliingiza pia katika sheria ya kodi nafuu kwa mwajiri atakayewachukua vijana wa vyuo vikuu kuwafunza kazi. Wazo zuri. Sharti lake wakati huo: wawe angalau kumi, tena wawe wameshahitimu, wakae miezi sita hadi kumi na miwili. Kumi! Duka la pembejeo la hapa sokoni lina wafanyakazi watatu na paka. Nafuu hiyo ilishonwa kwa kipimo cha Nairobi. Ndhiwa ikiivaa inaburuta chini.

Niliahidi sitaipamba Ndhiwa, kwa hiyo niseme pia ya upande wetu. Hapa nako kuna ofisi ambazo mwanafunzi anasimama mlangoni siku tatu. Kuna msimamizi anayesaini logibuku nzima Ijumaa ya mwisho, kurasa sitini kwa kalamu moja, bila kusoma hata moja, na mwanafunzi anayefurahi kwa sababu yeye mwenyewe aliziandika zote Alhamisi usiku. Na vyuo vimechangia. Mhadhiri aliyekuja kumkagua mpwa wangu alifika saa sita na nusu, akiwa na wanafunzi wengine watano wa kuwaona siku hiyo kutoka Rongo hadi Mbita. Alikaa dakika ishirini na tano. Aliuliza kama ameandika malengo yake. Hakumwuliza amejifunza nini, na binti alikuwa na ile ramani ya safari ya mua ndani ya begi, amesubiri wiki nzima kumwonyesha. Alipomtajia, mhadhiri akatazama saa. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa mafuta ya siku moja kwa kazi ya siku nne.

Halafu yule afisa. Miezi mitatu alimfundisha binti wa watu, akamwazima kifaa chake, akamrekebisha bila kumdhalilisha. Hakuna fomu yoyote inayomtambua. Kazi ya kufundisha haimo katika malengo yake ya mwaka, haimpi alama anapotafuta kupandishwa cheo, na chuo hakijamtumia hata barua ya asante. Tunazungumzia uhaba wa nafasi kana kwamba nafasi ni meza. Nafasi ni mtu mwenye ujuzi aliyekubali kukawizwa. Kufundisha kunakawiza: kila alichokifanya afisa na binti angekifanya peke yake kwa nusu ya muda. Tusipomlipa kwa pesa basi tumlipe kwa cheo, au angalau kwa karatasi yenye muhuri anayoweza kuitundika ukutani. Chuo kinachomtoza mwanafunzi karo ya muhula ambao hakikumfundisha hakiwezi kushindwa na hilo.

Niliwahi kumwambia mjumbe mmoja wa bunge la kaunti kwamba basari zetu zinalipia darasa tu, kana kwamba elimu huishia getini mwa chuo. Akaniambia ni wazo zuri, niliandike. Nimeliandika. Basari za kaunti na za mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF, zifike pia kwa mwanafunzi aliye atachimenti, hasa yule aliyekubali kwenda mahali ambapo wenzake hawataki. Ikiwa Homa Bay na Migori zitatangaza tu kwamba mwanafunzi yeyote wa kilimo, afya au maji atakayekuja Ndhiwa, Nyatike au Suba atapata chumba na nauli, hazitahitaji kumbembeleza mtu. Vijana watakuja na Kiswahili chao cha Taveta na Kitui, watatutazama kwa macho ya mgeni, nao wataona tuliyoyazoea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni huyu tunamwalika halafu tunamlaza na njaa.

Mpwa wangu aliondoka wiki ya pili ya Agosti. Siku moja kabla, alikwenda kumuaga mzee wa miwa, akarudi na kuku aliyefungwa miguu, ambaye hakujua angempandisha vipi kwenye basi la Nairobi. Tulimla jioni ileile. Aliniambia amepewa pia ujumbe wa kupeleka chuoni: wakigundua kioo cha kupimia trakta, wamletee. Ile ramani ya safari ya mua alimwachia afisa, ambaye ameibandika nyuma ya mlango wake. Nimeiona juzi, kona moja imeshaanza kukunjamana.

Miwa ya mzee ilikatwa mwezi wa kumi na moja.

Mei watakuja wengine. Wewe mwenye ofisi Ndhiwa, Rongo, Awendo, Homa Bay, ukisoma hili una muda bado. Usiwaulize wana mtu. Tafuta kiti, na siku ya pili wavalishe buti.